Shajara ya mradi: kujibu barua za wageni wa Ami kwa terminali

Jumanne, 1 Julai 2025

Mradi umeanza kwa kuona haya. Ami alinikuta dakani na laptopu yake mapajani, nangoja ukurasa wa barua pepe ufunguke. Chai imeshapoa, ukurasa bado.

"Mwanangu, barua yenyewe ina maneno mangapi?"

Nikamwambia kama thelathini.

"Na hicho kinachozunguka hapo ni nini?"

Sikuwa na jibu la heshima.

Hali yenyewe ni hii. Nyumba ya wageni ya Ami iko Langoni, mjini Lamu, vyumba sita, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukiingia na simu ndani mtandao unabaki mlangoni. Dakani, kwenye mabaraza, unapatikana. Laptopu ni kuukuu, ina RAM ya gigabaiti 2, na kivinjari kikifunguliwa feni hulia kama boti ya Mokowe. Bando ni la simu yangu. Umeme huja na kuondoka upendavyo, na betri haimalizi saa moja.

Ninachotaka: barua zishuke zote kwa mpigo mmoja, nizijibu bila mtandao wowote, kisha majibu yaondoke kwa mpigo mmoja. Yote yafanyike ndani ya terminali, yaani ile skrini ya kuandika amri kwa maandishi tu, kwa sababu terminali laptopu hii inaimudu bila kuhema. Debian, mfumo wa Linux, imo tangu mwaka jana.

Jumatano, 2 Julai

Nimeanza na kilicho chepesi kuliko vyote: `mailx`, programu ya barua ya terminali, ile ya ukoo wa BSD (Unix iliyotoka Chuo Kikuu cha Berkeley). Babu yake ni programu aliyoiandika Kurt Shoens kule Berkeley mwaka 1978, na umri unaonekana. Hakuna menyu, hakuna rangi, ipo alama ya `&` tu inayokungoja uandike herufi. Barua zinaletwa na `fetchmail` kwa IMAP (njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva), mlango 993, na zinarundikwa katika faili moja chini ya `/var/mail`. Kutuma ni kazi ya `msmtp`, mlango 587.

Makosa ya leo ni mawili. La kwanza, `msmtp` imekataa kata kata kusoma `.msmtprc`, faili lake la mpangilio, kwa kuwa ndani mna nenosiri nami faili nililiacha wazi kwa kila mtu. `chmod 600`, faili lisomwe na kuandikwa na mwenyewe tu, ikaridhika. Napenda programu inayokukaripia mapema.

La pili silipendi. Saa nne usiku binti wa Ami alipiga simu kutoka Mombasa: barua zote za baba yake zimetoweka kwenye simu yake! Hazikutoweka. `fetchmail` usipoiambia `keep`, barua ikishaichukua huifuta kwenye seva. Kwa hiyo kikasha kizima, barua mia mbili na ushei, kilikuwa ndani ya laptopu moja kuukuu juu ya baraza la Langoni, na kwingine popote duniani hapakuwa na kitu. Nimenakili lile faili kwenye flashi kabla sijalala. `keep` nimeiandika mara mbili, moja kwenye mpangilio na moja kwenye karatasi niliyoibandika ukutani.

Alhamisi, 3 Julai

Leo tumejibu kweli. Ami anasema, mimi naandika.

Utaratibu wa `mailx`: andika namba ya barua uisome, kisha `r`. Inakuandikia mpokeaji na mada, halafu unaanza kuandika mstari kwa mstari, na ukishavuka mstari hurudi nyuma. Mstari ukianza na tilde, huo ni amri. `~m` huingiza barua unayoijibu, ikiwa imesogezwa ndani kidogo. `~h` hukupitisha tena kwenye wapokeaji na mada. `~p` hukusomesha ulichokwisha kuandika. `~v` hufungua kihariri, na ndiyo iliyoniokoa, maana Ami hurudi nyuma kila sentensi ya tatu: "La, hapo futa, andika karibuni kwanza." Ukimaliza, Ctrl-D.

Barua kumi na moja, majibu kumi na moja, bando lilitumika kidogo hata sikuona haja ya kupima.

Ila barua ya mgeni wa Hamburg ilimalizika hivi:

    Viele Gr=C3=BC=C3=9Fe

Ami akainama akatazama kwa muda. "Huyu ametupa namba ya siri?" Nikamweleza kwamba ni salamu tu. Zamani barua pepe ilijengwa kubeba herufi za Kiingereza peke yake, na herufi nyingine yoyote hufungwa kwa alama ili isiharibike njiani, kisha programu ya upande wa pili huifungua. `=C3=BC` ni ü, `=C3=9F` ni ß. Hii `mailx` yangu haifungui, inakupa fumbo zima kama lilivyofika. Ami akasema basi hata salamu ya mtu tunaisoma nusu. Nimeiandika kwenye orodha ya kero.

Jumamosi, 5 Julai

Siku ya aibu. Naiandika yote.

Kuna mwalimu wa Nairobi ambaye ameshakuja kwa Ami mara tatu. Safari hii analeta wenzake Agosti, na barua yake aliwawekea nakala wote saba, pamoja na mtu anayewakatia tiketi za ndege. Ami akaniambia kwa sauti ya chini, ingawa dakani tulikuwa wawili: "Huyu mwambie yeye peke yake. Chumba cha juu nampa kwa bei ya kusi. Wenzake walipe ya kawaida."

Nikaandika `r`. Nikaandika maneno ya Ami, kwa ufasaha kabisa, pamoja na "tafadhali iwe baina yetu". Ctrl-D.

Imekwenda kwa wote tisa.

Kabla ya adhuhuri wanne walikwisha kujibu, kila mmoja kwa adabu, kila mmoja akiulizia bei ya kusi.

Sababu ni herufi. Katika `mailx`, `r` ndogo humjibu aliyeandika pamoja na kila aliyepelekewa ile barua. `R` kubwa ndiyo inayomjibu aliyeandika peke yake. Mimi mkono wangu umezoea kwingine, ambako `r` ni mtu mmoja. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba programu haikunificha kitu: mstari wa `To:` ulikuwapo pale juu, na majina yote tisa, kabla sijaandika neno la kwanza. Macho yangu yalikuwa kwa Ami.

Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, akavuta kofia nyuma.

"Ndogo ni watu wote, kubwa ni mtu mmoja?"

"Ndiyo, Ami."

"Ingekuwa kinyume." Halafu: "Haya. Waandikie wote bei ya kusi."

Kwa vyumba sita vya Agosti hiyo si hasara ndogo, na hakulitaja tena. Ningependelea angenigombeza.

Jumapili, 6 Julai

Dawa ya `mailx` ipo. Ukitia `set Replyall` kwenye `.mailrc`, faili la mpangilio wake, herufi mbili zinabadilishana kazi. Nimeitia na nimeijaribu kwa anwani zangu mwenyewe, inafanya kazi. Lakini siitaki tena. Nikija kukaa kwenye mashine nyingine isiyo na mstari huo, mkono utakosea upya, na za Hamburg bado tutazisoma nusu. Nahamia `mutt`, programu nyingine ya barua ya terminali.

Jumanne, 8 Julai

Siku mbili za kuhama. `mutt` aliianzisha Michael Elkins mwaka 1995, na yeye mwenyewe hakuisifu kupita kiasi: kauli yake ni kwamba programu zote za barua ni mbovu, hii ubovu wake ni mdogo tu. Nimeiondoa `fetchmail`, mahali pake nimeweka `mbsync`, inayofananisha kikasha cha laptopu na cha seva pande zote mbili, kila barua faili lake.

Zile mia mbili na ushei zimerudi nyumbani. Nilifungua lile faili la zamani ndani ya `mutt`, nikazitia alama zote kwa `T` na `~A`, kisha `;C` kuzinakili kwenye kikasha cha seva. Binti wa Ami ametuma ujumbe wa neno moja: "Nimeziona." Karatasi ya ukutani nimeiacha vile vile.

Salamu za Hamburg zinasomeka.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimekaa na mpangilio wa kujibu peke yake. Mistari iliyobaki baada ya kufuta mingi:

    set edit_headers=yes
    set include=yes
    set reply_to=ask-yes
    set reverse_name=yes
    set attribution="Tarehe %d, %n aliandika:"

Huku `r` ni aliyeandika peke yake, `g` ni kundi zima. Herufi mbili mbalimbali, si moja yenye ukubwa mbili. Hata hivyo siziamini tena herufi, na ndiyo maana wa kwanza ni `edit_headers`. Ukiwa nao, kihariri kinapofunguka mistari ya `To:`, `Cc:` na `Subject:` imo humo humo juu ya barua, kama maandishi mengine. Huwezi kuanza kuandika bila kuipita. Kuna njia ya mkato, `fast_reply`, inayoruka maswali ya mpokeaji na mada. Wenye haraka huisifu. Mimi nataka kuulizwa.

Tumeweka na desturi. Kihariri kikifunguka, Ami ananiambia, "Soma majina." Nayasoma kwa sauti. Akisema "haya", ndipo tunaanza. Mpita njia akitusikia atadhani tunaita mahudhurio ya madrasa.

`include` huleta barua ya mgeni ndani ya jibu, kila mstari na alama yake ya `>`. Hapa Ami amenifundisha mimi. Nilikuwa naandika jibu lote juu na kuiacha barua ya mgeni nzima ikining'inia chini. Alipoona maswali yamenukuliwa akasema, "Si ujibu kila swali pale lilipo?" Basi nakata yasiyohusika, `d}` katika vim, kihariri changu, hufuta hadi mwisho wa aya, na jibu linakaa chini ya swali lake. Hili limemwendea mwalimu leo, kwa `g` safari hii, na kwa kukusudia:

    > Tukishuka Manda tunapata gari?
    Gari hakuna, wala hamtalihitaji. Mtavuka kwa boti
    hadi gatini Lamu, mizigo itachukuliwa kwa mkokoteni.

    > Tunaweza kuona majahazi yakiundwa?
    Matondoni. Kwa boti, au kwa punda kama mna subira.

    > Chakula cha jioni kipo?
    Kipo. Samaki wa kupaka tuambieni siku moja kabla.

Ukifunga kihariri hujatuma bado. `mutt` inakupa ukurasa wa mwisho wenye wapokeaji, mada na viambatisho, na inangoja. `t` hubadilisha mpokeaji, `c` nakala, `e` hukurudisha kuandika, `P` huiweka kando kwa baadaye, `y` ndiyo kutuma. Na ukifungua kihariri ukakifunga bila kugusa kitu, inaivunja barua yenyewe. Hilo limeshatufaa mara moja, Ami alipoghairi katikati ya bismillahi.

Ijumaa, 11 Julai

Sala, pilau kwa mama, usingizi.

Jumapili, 13 Julai

Foleni. Kusi limevuma tangu alfajiri, mtandao ukija ni wa kuonja. `msmtp` ikikosa seva hurudisha kosa, na barua inabaki mikononi mwako. Lakini inakuja na viskripti vidogo vitatu, na `mutt` nimeielekeza kwenye kimojawapo:

    set sendmail="/home/ami/bin/msmtp-enqueue.sh"

Sasa `y` haitumi popote. Barua inaingia kwenye folda ya `.msmtpqueue` kama mafaili mawili, moja la barua lenyewe na moja la maelekezo yake. Mtandao ukirudi, `msmtp-runqueue.sh` huzisukuma moja moja. `msmtp-listqueue.sh` huorodhesha zilizomo.

Faida ambayo sikuitarajia: kati ya kuandika na kuondoka pana nafasi ya kujuta. Jumamosi ile ya aibu ningelikuwa na foleni, ningelifuta mafaili mawili na vyumba vya Agosti vingekuwa na bei yake.

Kasoro: tarehe ya barua huandikwa wakati wa `y`, si wakati wa kuondoka. Ya jana usiku imetoka leo mchana, na kwa mgeni imejipanga chini ya zile alizokwisha kuzisoma. Mmoja ameuliza tena alichojibiwa. Sijaona njia isiyo ya kiinimacho, nimeiacha.

Jumanne, 15 Julai

Mambo madogo matatu, kila moja limekula nusu siku.

Ami ana anwani mbili, ya zamani na mpya. Wageni wa miaka huandika kwa ya zamani, majibu yakatoka kwa mpya, na mmoja akaogopa kwamba ni tapeli. `reverse_name` hujibu kwa anwani ile ile iliyoandikiwa, lakini haifanyi kitu mpaka uitajie anwani zako zote kwa `alternates`. Nilidhani ni mbovu kumbe mimi sikuitambulisha.

Pili, barua zinazopitia mitandao ya kukodisha vyumba. Anwani ya mtumaji ni ya mashine isiyopokea barua. Anwani ya kweli ya kumfikia mgeni imo kwenye mstari wa `Reply-To`. `mutt` inauliza kama ujibu huko, na jawabu ni ndiyo. Nilibonyeza `n` kwa pupa, jibu likarudi kama mpira uliogonga ukuta.

Tatu, nyuzi. Kila barua ina namba yake, `Message-ID`, na jibu hubeba namba ya inayojibiwa kwenye `In-Reply-To`, na ukoo mzima kwenye `References`. Kwa hizo hasa ndizo mazungumzo hushikamana, kuliko kwa mada. Sasa kuna wageni ambao wakitaka jambo jipya hawaandiki barua mpya. Huitafuta barua ya Ami ya mwaka jana, wakaijibu. Kwa hiyo ombi la chumba la Desemba nililikuta limejificha chini ya mazungumzo ya miwani iliyosahauliwa. `#` hulikata likasimama peke yake, na `&` huunga zilizoachana. Na ukitaka wewe mwenyewe kuanzisha jambo jipya kutoka kwenye jibu, futa mstari wa `In-Reply-To` ukiwa kwenye kihariri.

Miwani yenyewe bado ipo, kwenye shubaka la chumba cha juu.

Alhamisi, 17 Julai

Sahihi. Mstari unaoitenga na barua ni vistari viwili na nafasi moja, na hiyo nafasi ndiyo inayohesabiwa. Programu nyingi zikiuona mstari huo hujua kwamba yaliyo chini si ya kunukuliwa. Kihariri changu nilikifundisha zamani kufuta nafasi za mwisho wa mstari, kwa usafi, na kumbe kila siku kilikuwa kinaifuta na hii. Wageni wengine wakirudisha jibu wanaturudishia na namba ya simu ya Ami, mara tatu, mara nne, ngazi kwa ngazi. Nimekizuia kwenye barua.

Jumamosi, 19 Julai

Ami amekuja baada ya alasiri akaketi upande wangu wa baraza. "Yeo zimekuya ngapi?" Tatu. "Basi leo niachie mimi moja."

Akachagua ya mama mmoja wa Uingereza aliyeuliza Maulidi ya Lamu ni tarehe gani mwaka huu, akate tiketi. Akabonyeza `r` kwa kidole cha shahada, polepole, kama anayebonyeza kengele ya mtu mkubwa. Kihariri kikafunguka. Hakuandika. Akasoma jina la mpokeaji kwa sauti, jina moja, akanitazama.

"Haya," nikasema.

Kiingereza chake ni cha zamani na hakina makosa. Aliandika kwamba Maulidi ni ya Mfungo Sita, na huu ni Mfungo Nne, kwa hiyo asikate tiketi ya siku mbili. Akate ya wiki. Mwezi ukiandama atamwandikia siku yenyewe. Akauliza kama mguu wake umepona. Mimi sikujua kama huyo mama aliumia mguu.

Kwenye ukurasa wa mwisho alisita, akabonyeza `e`, akarudi, akaongeza kwamba miwani yake tunayo.

`y`.

Mtandao haukuwapo. Nimefungua `msmtp-listqueue.sh`: barua moja, inangoja.